Mwaka Mashini Ilipokataa Kuwaka

Kwenye kilio cha Kitoga, huko Nyantende alikojenga uzeeni, watoto wake walikuwa wakichekesha watu. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu, maana mtu aliyeshiba siku zake anastahili kuzikwa na watu wanaokumbuka mambo ya kupendeza. Kitinda mimba wake, ambaye sasa ana mvi kidevuni, alisimama kati ya viti vya plastiki akasimulia jinsi papa yao, enzi za Zaïre, alivyofungua ordinateur ya serikali, ile kompyuta, ili kuiongezea nguvu, nayo ikakataa kuwaka siku chache kabla mkubwa mmoja hajafika kutoka Kinshasa kuitazama. Akamwiga directeur, mkuu wa ofisi, anavyojipangusa jasho la shingoni. Akaiga mashini iliyonyamaza, kwa kufumba mdomo na kutoa macho, hata wamama waliokuwa wakipakua bugali kwenye masufuria makubwa wakaacha miiko na kucheka. "Kisha ikawaka!" akasema. "Papa akarudi ku nyumba!" Nami nilicheka, kwa sababu kila mtu alicheka. Pale ndipo nilipoelewa kwamba Kitoga hakuwaambia. Aliishi nao miaka yote ile akawapa nusu ya kuchekesha, na nusu nyingine akaingia nayo kaburini. Maman Wabiwa, aliyekuwa wa tatu kati yetu, alitangulia zamani. Nimebaki mimi. Sikusema kitu pale, kwa kuwa kilio si mahali pa kusahihisha maneno ya yatima. Nilikula, nikapeana mikono, nikapanda gari la kurudi mjini, na tangu siku hiyo mwaka ule umekaa nami mezani kila ninapokunywa chai.

Nilikuwa msichana aliyetoka shuleni na diploma yake, dactylo, yaani mpiga taipu, katika ofisi moja ya serikali iliyogawa mbegu za maharagwe, mahindi na viazi kwa wakulima wa Kabare, wa Minova na wa kisiwa cha Idjwi. Ofisi ilikaa katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji huko Muhumba, nyumba ya mawe yenye korido ndefu na madirisha yaliyotazama ziwa. Wajukuu wangu husema kompyuta. Sisi tulisema ordinateur mbele ya directeur, na tukiwa wenyewe tulisema mashini tu, kama vile hapakuwa na nyingine duniani. Iliwekwa katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha kuogea. Vigae vyeupe vilikuwa bado ukutani, bomba lililokatwa lilichomoza karibu na mlango, na dirisha lilizibwa kwa pazia zito ili vumbi jekundu la Bukavu lisiingie. Tulivua viatu mlangoni. Asubuhi tuliikuta imefunikwa shuka la plastiki ambalo Maman Wabiwa alilishona kwa mkono, na kabla ya kulifunua tulijipangusa vidole. Nakumbuka ubaridi wa sakafu ile kwenye nyayo, na harufu ya plastiki iliyopata moto, ambayo kwangu ilikuwa harufu ya maisha mapya. Wasichana wenzangu wote walikuwa bado wanagonga taipu. Mimi Kitoga alikuwa amenichagua anifundishe.

Kitoga alikuwa Mulega wa Mwenga, mrefu, mwembamba, aliyesomea ufundi ule Kinshasa na kurudi na suruali mbili za kitambaa kizuri na uvumilivu ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Mbele za watu nilimwita Citoyen Kitoga, yaani mwananchi Kitoga, kama sheria ya nchi ilivyotaka, na tukibaki chumbani nilimwita yaya, kama kaka mkubwa. Hakuiogopa mashini. Sisi wengine tuliigusa kama mtu anavyogusa mtoto wa tajiri, yeye alikuwa anazungumza nayo huku anafanya kazi. Saa ya kula tulitoka wote tukakaa kwenye baraza la nyuma na Maman Wabiwa, mkuu wa dactylo, mjane mnene wa maneno machache aliyekuwa akisuka sweta hata wakati wa mikutano. Yeye ndiye aliyeleta chakula: bugali ya muhogo iliyofungwa katika majani ya ndizi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na siku njema sombe, majani ya muhogo, yenye mawese. Tulikula tukitazama mitumbwi ziwani na milima ya Rwanda ng'ambo, na tulizungumza kwa sauti ndogo. Kila mtu aliyekula barazani alijua kwa nini.

Mwishoni mwa korido, kwenye kiti cha wageni, alikaa mtu mmoja ambaye hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Alikuja asubuhi kabla yetu na kuondoka baada yetu, amevaa abacost, lile koti la serikali lisilovaliwa tai, ya rangi ya majivu, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyetuambia ni nani. Tulimwita Mugeni, na tulijua kwamba jioni anapita kwenye nyumba ya kando ya ziwa, ile yenye ukuta mrefu na mlango wa bati, ambayo watu wa Bukavu waliipita kwa upande wa pili wa barabara bila kuigeuzia shingo. Mume wa jirani yetu alikuwa ameingia mle kwa ajili ya neno alilolisema kwenye nganda huko Kadutu, akitania, bia mkononi. Alipotoka alikuwa hawezi tena kuvumilia mtu akisimama nyuma yake. Woga wa miaka ile haukuwa kitu cha kutetemesha kila saa. Ulikuwa kama unyevunyevu wa nyumba. Unaishi nao, unakula ndani yake, unaoa na kuolewa, na unaufahamu tu siku unaposogeza kabati ukakuta ukuta wote umeoza.

Mvua za mwanzo zilikuwa zimeanza tulipoambiwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atakuja kuzindua mashini. Ilikuwa imeshafanya kazi karibu mwaka mzima, lakini ilikuwa haijazinduliwa, kwa hiyo serikalini ilikuwa kama bado haijazaliwa. Directeur alitaka imuonyeshe mkubwa ramani ya jimbo, kila eneo na mbegu zake, na Kitoga alimweleza kwamba mashini haina nafasi ya kutosha kichwani kwa ramani kama ile. Ndipo vikaletwa kwa ndege vipande vipya: vidude vidogo vyeusi vya kumbukumbu, vyenye miguu ya fedha kama mende, na disque dur ya kuhifadhia kazi, sanduku la chuma zito kama tofali. Directeur mwenyewe, mtu mfupi mwenye sauti nzuri ya kuhutubia, alivishika kimoja kimoja akatuambia, "Hii ni mali ya taifa. Taifa iko inatuangalia." Mugeni alikuwa amesimama mlangoni. Viatu hakuvua.

Kitoga aliifungua mashini asubuhi, mimi nikimshikia tournevis, ile bisibisi, na kupokea skrubu, ambazo kwetu tunaziita visi, na kuziweka kwenye kisahani cha chai. Alizibonyeza mende zile kwenye matundu yake, akafunga disque dur, akaunganisha waya, akanitazama na kutabasamu. Kisha akasukuma ile swichi nyekundu ya ubavuni. Feni ya ndani ilizunguka kidogo, kama kuku anayejikung'uta, ikasimama. Kioo kikabaki cheusi. Ule mlio mfupi ambao mashini ilikuwa ikiutoa kila asubuhi, mlio niliouzoea kama salamu, haukuja. Akazima, akangoja, akawasha. Feni ikajikung'uta, ikasimama. "Pengine ni courant," akasema, kwa sababu umeme wa Ruzizi ulikuwa na tabia zake. Tukabadilisha tundu la ukutani. Tukaiunga kwenye groupe électrogène, jenereta ya uani, ambayo ilinguruma mpaka vigae vikatetemeka. Hali ilikuwa ile ile. Nilianza kuogopa, lakini yeye alikuwa bado mtulivu. "Sikiliza, Nabintu," akaniambia. "Ukiongeza kintu na mashini inakufa, toa kile uliongeza. Ikifufuka, umejua mubaya ni nani. Ikibaki imekufa, mubaya iko fasi ingine." Akatoa disque dur. Akawasha. Akatoa zile mende, moja moja, kwa subira ya mtu anayetoa miiba mguuni mwa mtoto. Akawasha. Mashini ilikuwa sasa jinsi ilivyokuwa jana yake, ilipofanya kazi vizuri, na bado haikuwaka. Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni pake. Aliangalia mlango.

Sijui mtu wa leo ataelewaje. Leo mashini ikikataa kuwaka unalalamika, unampigia simu fundi, unanunua nyingine. Sisi tulikuwa na moja, na ilikuwa imeitwa mali ya taifa mbele ya shahidi, na kitu cha taifa hakikuwa na ruhusa ya kuharibika chenyewe. Kikiharibika, kuna mtu amekiharibu. Siku iliyofuata Directeur aliingia kila mara, naye sasa na viatu vyake, akasimama nyuma ya Kitoga akipumua. "Inawaka?" Haikuwaka. Uani vijana wa animation walikuwa wakijifunza nyimbo za kumsifu Mkuu wa nchi, ngoma zikipigwa, wamama wakipiga vigelegele kwa amri, na kila wimbo ulipokwisha nilisikia kimya cha chumba chetu kikiwa kikubwa zaidi. Kitoga aliacha kuzungumza na mashini. Mikono yake ilikuwa imeanza kutoka jasho, na akaogopa kugusa vipande kwa mikono yenye maji, akawa anaipangusa kwenye suruali mpaka mapaja yakawa na alama.

Chumba cha phonie, ile redio ambayo ofisi ilitumia kuongea na Kinshasa, kilipakana na chetu, na ukuta kati yao ulikuwa wa mbao. Kwa phonie mtu hawezi kunong'ona. Anapiga kelele, kisha anasema "à vous" na kungoja. Tulikuwa tumekaa sakafuni, vipande vimetuzunguka juu ya magazeti, tuliposikia sauti nzuri ya Directeur ikipita kwenye mbao. "Nasema mashini imeharibiwa! À vous." Mikwaruzo. "Apana, si umeme. Kuko muntu ameiharibu. Sabotage! Narudia: sabotage! À vous." Kitoga alikuwa ameshika waya mkononi. Aliuweka chini polepole sana, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua. "Amejiokoa," akasema. Sikumwelewa. Akanieleza bila hasira, kwa sauti ile ile aliyonifundishia: mkubwa akifika na kukuta mashini imekufa, kichwa cha directeur ndicho kitakatwa, isipokuwa kama kuna adui, na sasa adui amepatikana. "Na iko muntu moja tu anajua kufungua mashini hii." Nikamwambia kimbia, yaya, shuka bandarini upande boti. Alitikisa kichwa. Mke wake alikuwa na mimba. "Nikikimbia, njo nitakuwa nimeiharibu kweli."

Walimchukua asubuhi, tukinywa chai barazani. Hawakumpiga wala kumfunga. Mugeni alikuja na kijana mmoja ambaye hatukuwa tumemwona, akasema kwa upole, "Citoyen, kuya kidogo, tuongee." Kitoga alikuwa na mkate mdomoni. Alitafuna, akameza, akasimama. Alinipa kikombe chake nikishike, kana kwamba angerudi kukimalizia, na nilibaki nacho mpaka chai ikawa baridi na Maman Wabiwa akakichukua vidoleni mwangu kwa nguvu kidogo. Watu wa ofisi zote walikuwa madirishani, na gari lilipotoka langoni vichwa vilirudi ndani kwa pamoja, na taipu zikaanza kugongwa haraka, haraka kuliko kazi iliyokuwepo. Nami nilienda kugonga. Niligonga herufi zisizokuwa na maana mpaka karatasi ikajaa.

Mchana Directeur aliamuru mashini ifichwe kwenye depo la mbegu, chumba cha vigae kisafishwe, mkubwa aambiwe habari ya hujuma na aonyeshwe mabaki kama akitaka. Hakuna mwanamume aliyetaka kuibeba. Kila mmoja alikumbuka kazi fulani. Basi tukaibeba sisi, mimi na Maman Wabiwa, yeye mbele na mimi nyuma, kioo na vipande vipya tukiwa tumevitanguliza. Kwenye kizingiti cha depo alijikwaa kwenye gunia, sanduku likainama upande wangu, na ndani yake kitu kikateleza. Cha-a. Sauti ndogo, kama punje ya mchele ndani ya kibuyu. Tulisimama. Tukaiinamisha upande wa pili. Cha-a. Tukaiweka juu ya magunia ya maharagwe, nami nikasema nataka kuifungua. Maman Wabiwa alinitazama muda mrefu. Sitasahau maneno yake, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. "Mutoto yangu, ukiifungua, na weye utakuwa muntu anajua kuifungua."

Nilijua. Kama ningeifungua na ikabaki imekufa, mikono ya mwisho iliyoigusa ingekuwa yangu, na nyumba ile ya kando ya ziwa ilikuwa na nafasi ya wasichana pia. Watu walinong'ona habari za wasichana walioingia mle kwa sauti ndogo kuliko habari zote. Nilikuwa naogopa hadi meno yaligongana, mchana, katika depo lenye joto, na harufu ya dawa ya mbegu ikinipanda puani. Nilichukua tournevis. Maman Wabiwa akatoka, akafunga mlango kwa nje, akavuta kiti akakaa mbele yake na sweta lake, na kupitia ufa wa mbao nilimwona mgongo mpana ukitulia kama mlima.

Nilitoa kifuniko. Nilitoa visi za carte-mère, ile karatasi ngumu kubwa ya kijani inayobeba vipande vyote, ambayo Kitoga alikuwa hajaitoa kwa sababu mubaya alimtafuta katika vipande vilivyobebwa juu yake. Nilikuwa katikati ya kazi niliposikia hatua, na sauti ya Mugeni. "Nani iko mu depo?" Maman Wabiwa hakusimama. "Ni musichana. Amemwanga mafuta ku nguo, iko anabadilisha. Unataka kuingia, tata? Ingia, basi. Mama yako atafurahi kusikia." Nilikuwa nimeshikilia ile karatasi ya kijani kwa ncha za vidole, siwezi kuiweka chini wala kuirudisha, na jasho lilinishuka mpaka kwenye kope. Hatua zikaondoka. Nikainua carte-mère. Chini yake, juu ya bati, ilikuwa imelala visi moja ndogo. Iliponyoka tu, siku ile ya kufungua au siku nyingine, ikaingia mahali ambapo macho hayafiki, na ikawa inaugusisha umeme pasipotakiwa kugusa. Kila tulipoiwasha, mashini ilijizima yenyewe ili isiungue. Haikuwa imekufa kamwe. Ilikuwa inajilinda.

Niliitoa, nikafunga, nikaburuta waya mpaka tundu la taa la depo, nikasukuma swichi nyekundu. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Mlio ukatoka, na kwenye kioo namba za kijani zikaanza kupanda. Nikaizima mara moja, kwa hofu ya kusikiwa, kisha nikakaa juu ya gunia nikalia huku nimejiziba mdomo kwa kitenge. Baadaye nilirudisha vipande vipya, kimoja baada ya kingine, nikiwasha kila mara kama nilivyofundishwa. Vyote vilikuwa vizima. Nikaenda kwa Directeur nikikimbia, nikiwa bado na ujinga wa kuamini kwamba nimebeba habari njema.

Alisikiliza amesimama dirishani. Uso wake haukufurahi, bali ulipiga hesabu. Mashini kuwaka kulimfaa, lakini visi haikumfaa hata kidogo, maana alikwisha kupiga kelele kwenye phonie. Adui alikwisha kukamatwa. "Waya ilikuwa imekatwa," akasema. Nikasema hapana, Citoyen Directeur, ni visi. "Citoyenne Nabintu," akasema polepole, kwa sauti nzuri ile, "waya ilikuwa imekatwa na weye uliiunga. Mukubwa akikuuliza, utamwambia vile. Utapata sifa. Unasikia?" Nilipotoka, Mugeni alikuwa kwenye kiti chake cha korido, na kwa mara ya kwanza alinisalimia kwa jina.

Siku ya mkubwa kulikuwa na majani ya ndizi langoni na bendera kila dirisha. Vijana waliimba mpaka sauti zikakauka. Mkubwa alikuwa mtu mzima mnene mwenye fimbo na harufu ya mafuta ya gharama, na chumba cha vigae kilijaa viatu. Mimi peke yangu nilikuwa miguu mitupu, kwa mazoea. Niliwasha. Ramani ikatoka, mstari baada ya mstari, Minova juu, Idjwi katikati ya maji, na watu wakapiga makofi. Mkubwa akanigeukia. "Banasema mashini hii iliharibiwa, na ni weye uliiponyesha. Walifanya nini?" Nilimwona Directeur nyuma ya bega lake, na Mugeni nyuma ya Directeur. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri juu ya ukweli au juu ya haki. Niliona tu kikombe cha chai, na mtu anayetafuna mkate wake mpaka mwisho kwa adabu kabla ya kusimama kwenda. "Ni visi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikalazimika kurudia. "Visi ilianguka chini. Hakuna muntu aliharibu. Ilianguka tu."

Mkubwa alinitazama, akamtazama Directeur. Kisha mkubwa akacheka. Alicheka kwa tumbo lote, akampiga Directeur begani. "Visi! Na weye ulinitisha na sabotage ku phonie, Kinshasa nzima ilikuwa inatetemeka!" Wote wakacheka, kwa kuwa yeye alicheka. Directeur alicheka kuliko wote, na macho yake yakiwa juu yangu. Nimewaza sana habari ya kicheko kile. Kama mkubwa asubuhi ile angeamka na maumivu ya jino, Kitoga asingerudi, nami pengine nisingekuwa hapa kuandika. Maisha ya watu wawili yalining'inia kwenye tumbo la mtu aliyekula vizuri.

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya kuliko zote. Mkubwa aliondoka na kicheko chake, tukabaki na Directeur, na Kitoga alikuwa bado hajaonekana. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu lilikuwa langu. Nililala na viatu karibu na mlango. Mugeni alipita mezani kwangu mara moja tu, akainama akasema, "Citoyenne, uko na kinywa," akaenda zake, na nilibaki nikijiuliza kama lile lilikuwa onyo, hukumu au, Mungu anajua, sifa. Halafu Directeur aliniita akanijulisha kwamba depo la mbegu la Idjwi linahitaji mtu, na mtu huyo ni mimi. Hakuna umeme kule wala taipu. Nilimshukuru. Nilikuwa nangoja kitu kingine.

Kitoga aliachiliwa karibu na siku ya boti yangu. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Maman Wabiwa, Kadutu, na yeye akaniita. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, kichwa kimenyolewa, shati bila vifungo, suruali ameikunja kiunoni kwa kukosa mkanda. Maman Wabiwa alikuwa ameweka bugali na sambaza mbele yake, na hakuwa amegusa. Nikamsalimia. Nilitegemea anishukuru, na kweli nilikuwa nimeandaa maneno ya kumzuia asinishukuru. Hakunisalimia. Alinishika mkono kwa vidole vilivyovimba, akauliza, "Ilikuwa nini?"

Sikuelewa. "Mu mashini," akasema. "Ilikuwa nini? Kila siku balikuwa bananiuliza nilikata nini. Nikasema sikukata. Kisha nikaanza kutafuta mu kichwa, waya moja moja. Nikaanza kuona ile nilikata. Niliiona, Nabintu. Nikabaambia ni nyekundu."

Maman Wabiwa aligeukia moto. Nilipiga magoti sakafuni mbele ya kigoda ili macho yetu yawe sawa, nikamweleza polepole, kama alivyokuwa akinieleza mimi: depo, kizingiti, sauti, karatasi ya kijani, bati. Visi imeanguka. Vipande vyote vizima. Waya zote nzima, nyekundu na nyingine zote, nilizihesabu kwa vidole vyangu.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia tangu mwanzo. Alisikiliza ameinamisha kichwa kile kilichonyolewa, midomo yake ikifuata yangu. Nilipomaliza alivuta sahani, akamega bugali, na kabla ya kulitia tonge mdomoni akauliza tena, taratibu, kama mtoto anayetaka kuhakikisha kabla ya kulala: "Basi sikukata kintu?"

"Hukukata kintu, yaya," nikamwambia. "Kula."